Mikono kwanza: Montessori nyumbani kwa mtoto mwenye mahitaji maalum, kwa vitu vya jikoni tu

Wazazi wenzangu, hii naandikia yule mwenye mtoto wa miaka miwili mpaka sita hivi, ana Down sindromu ama usonji ama mtindio wa ubongo, ama hajatamka neno na wenzake wa mtaani washaanza kuimba, na umeambiwa kuna shule za Montessori, zile mtoto anajifunza kwa kushika vitu na kufanya kazi kwa mikono yake, zinafaa watoto kama hawa ila shule yenyewe iko Mombasa ama Nairobi na karo huiwezi. Mimi niko Amu, yaani mji wa Lamu, mtaa wa Langoni. Mwanangu wa pili ana Down sindromu, sai ana miaka saba, na karibu kila kitu alichojifunza kabla ya shule nilimfundishia kwenye mkeka hapa nyumbani, kwa vyombo vya jikoni na vipande vya mbao vya kwa fundi. Nitawaeleza nilivyofanya mimi na nilivyoona mamake watoto wengine wa hapa wakifanya, manake hali za watoto hazifanani na kinachomfaa wangu wako chaweza kumchosha.

Kwanza mjue hii njia haikuanzia kwa watoto wa matajiri. Maria Montessori alikuwa daktari, alimaliza udaktari chuo kikuu cha Roma mwaka 1896, alafu kazi yake ikampeleka kwenye hospitali za wagonjwa wa akili ambako siku zile walikuwa wakifungiwa ndani watoto walosemekana hawafundishiki, wamekaa chumba kitupu hawana hata kitu cha kushika mkononi. Inasimuliwa kwamba watoto hao wakimaliza kula walikuwa wakitambaa kuokota makombo ya mkate sakafuni, mlezi wao akaona ni ulafi, yeye akaona mikono inatafuta kazi. Akavisoma vitabu vya madaktari wawili wa Ufaransa walomtangulia, Jean Itard na Édouard Séguin, na mwaka 1900 akawa mmoja wa wasimamizi wa shule ya watoto hao pale Roma, na baadhi yao wakafanya mtihani wa kusoma na kuandika pamoja na watoto wa shule za kawaida na wakapita. Ilipofika 1907 ndio akafungua ile Casa dei Bambini, yaani Nyumba ya Watoto, kwenye mtaa wa San Lorenzo, mtaa wa watu maskini, na huko ndiko watoto wasio na ulemavu walipoanza kufundishwa kwa vifaa vile vile. Kwa hivo mtu akikwambia Montessori ni ya watoto wajanja, mwambie ilianza na watoto kama wetu.

Na lingine niliseme mapema, hii haiponyi. Kliniki uende, terapia uendelee nayo, dawa za kifafa usiache hata siku moja. Hii ni ya kumpa mtoto uwezo wa kujifanyia mambo yake na kukaa na kazi mpaka aimalize.

Sasa tuanze na mahali. Huhitaji chumba. Unahitaji kona moja ambayo haibadiliki, mkeka mdogo ama msala wa zamani ambao ni wake peke yake, na mahali pa chini pa kuwekea vitu ambapo mkono wake unafika. Kama nyumba yenu ni ya kizamani na ina zidaka za chini, yale matundu ya ukutani ya kuwekea vitu, umeshapata rafu, kama hakuna chukua makreti mawili ya soda uyalaze. Weka vitu vinne tu, vitano kwa wingi, kila kimoja kwenye trei yake ama sinia ndogo, na kila trei iwe na kila kinachohitajika kwa ile kazi, asiende kutafuta kijiko jikoni akasahau alichokuwa akifanya. Ule mkeka ni mpaka: kazi hufanywa juu yake, ikimalizika inarudi mahali pake, mkeka unakunjwa. Mwanangu ilimchukua karibu miezi miwili kujifunza kukunja mkeka tu na sikuona ni muda umepotea, kukunja mkeka ni kazi kamili kwa mtoto mwenye misuli laini kama yake.

Ile kikapu kubwa ya vitu vya kuchezea vya plastiki iliyojaa mpaka juu itoe machoni. Mtoto mwenye usonji hasa akiona vitu thelathini kwa pamoja haoni kitu hata kimoja.

Kazi ya kwanza ni kuhamisha. Bakuli mbili, moja ina vitu, moja tupu, mtoto anahamisha kutoka hii kwenda hii, basi. Anza kwa mkono na vitu vikubwa, sisi tulianza na ndimu sita. Akishaweza ndimu kwa mkono unampa upawa mdogo wa kifuu ahamishie hizo hizo ndimu, alafu komwe za bao, alafu maharagwe kwa kijiko, alafu mchele. Mtoto ambaye bado anatia vitu mdomoni usimpe komwe wala maharagwe kabisa, na hata asiyetia mdomoni wapo wanaopenda kutia puani, kaa naye hapo hapo. Nimeona mtoto wa jirani akipelekwa hospitali usiku kwa punje moja ya mbaazi.

Namna ya kumuonyesha ndio siri yenyewe kwa hivo naomba hapa msome taratibu. Kaa upande wake, ule ambao mkono wako unaotumia hautamziba asione. Mwambie kwa maneno machache, "njoo nikuonyeshe kuhamisha", alafu nyamaza. Nyamaza kweli. Chukua ndimu polepole kama unayebeba yai, itazame, ipeleke, iache, rudi. Fanya zote sita. Alafu uzirudishe. Alafu umsogezee yeye. Sisi huku tumezoea kufundisha kwa mdomo, shika hivi, la si hivo, tazama hapa, wacha, ebu, na mtoto ambaye ubongo wake unahitaji muda zaidi hawezi kusikiliza na kutazama kwa pamoja, akitazama mkono wako hasikii, akisikiliza mdomo wako haoni. Nilipofunga mdomo ndio mwanangu alipoanza kutazama.

Akikosea usimshike mkono umsahihishe. Ndimu ikianguka ataiona imeanguka, kazi yenyewe ndio imwambie. Akishindwa kabisa, mwonyeshe tena kesho kama hukuwahi kumuonyesha.

Kuna swali la kuhamisha kutoka upande gani kwenda upande gani. Vitabu vya Montessori vinasema kushoto kwenda kulia, kwa sababu ndio njia ya kusoma herufi za kizungu. Sasa watoto wetu wanakwenda chuoni pia, yaani madrasa, na kule ni kulia kwenda kushoto. Mimi niliamua kazi za mkeka ziwe kushoto kwenda kulia na za chuoni nimwachie mwalimu wake na ubao wake, nikahakikisha tu havichanganyiki kwenye kikao kimoja. Hajachanganyikiwa.

Baada ya kuhamisha ni kumimina. Vikopo viwili vidogo vyenye mkono, vile vya chai, anza na mchele mkavu, ukimwagika unaokoteka. Maji baadae, na maji yawe kidogo, nusu ya kikopo, weka sponji kwenye trei na umuonyeshe kupangusa kama sehemu ya kazi, asione ni adhabu ya kumwaga. Kazi za maji watoto wa hapa wanazipenda sana, nadhani ni kwa vile wamezaliwa bahari iko mlangoni, lakini mtoto mwenye kifafa asiachwe na maji hata dakika moja hata kama ni beseni la kuoshea mikono.

Kuvaa sasa, na hapa ndio wengi tunakosea kwa mapenzi. Asubuhi kuna haraka, mamake anamvisha mtoto wa miaka mitano kila kitu kutoka kichwani mpaka ndara, na anaendelea hivo mpaka ana miaka kumi na mbili. Tumia njia ya kuanzia mwisho. Suruali kwa mfano, wewe umvishe mpaka iko kwenye mapaja, yeye avute ile ya mwisho tu kufika kiunoni. Hiyo akiiweza, wewe unaishia magotini. Alafu kwenye vifundo vya mguu. Kwa njia hii kila siku yeye ndiye anayemaliza, na mtoto anayemaliza kazi anataka kurudi kesho. Vifungo usimfundishie shatini mwake, ukimfundisha akiwa amelivaa haoni vidole vyake. Chukua vipande viwili vya leso nzito ama kitambaa cha jinzi, shona vifungo vitatu vikubwa na matundu yake, vipigilie misumari midogo kwenye fremu ya mbao, fremu nyingine iwe ya zipu kubwa, nyingine ya velkro, aweke mapajani afunge afungue. Fundi cherehani atakushonea kwa bei ndogo.

Jambo moja ambalo sijaliona kwenye vitabu na limefanya kazi kweli kweli hapa kwetu ni udhu. Fikiria mtoto mwenye usonji, anapenda mambo yawe na mpango ule ule kila siku, na udhu ni huo huo siku zote: viganja, mdomo, pua, uso, mikono mpaka viwikoni, kichwa, masikio, miguu, na kuosha kwake ni mara tatu tatu. Mwenzangu mmoja wa Mkomani ana mtoto ambaye haongei, alimchorea picha za kila hatua kwenye kadi za katoni akazibandika ukutani karibu na birika la kutilia udhu, kwa mpangilio, mtoto anaosha kiungo anageuza kadi. Miezi michache baadae kadi hazikuhitajika. Na yule mtoto alokuwa hataki maji yamguse usoni siku hizi ndiye wa kwanza kufika karibu na birika akisikia adhana. Hiyo kwangu mimi ni Montessori kamili, kazi ya kweli ya nyumba yao na ya watu wao, aloifanya kwa mikono yake.

Vifaa vya hisia ndivyo watu wanavyodhani lazima vinunuliwe. Ule mnara wa waridi maarufu ni vipande kumi vya mbao vya mchemraba, kikubwa sentimita 10 kila upande, kinachofuata 9, mpaka cha sentimita 1. Hapa Lamu mji wa mafundi wa milango na majahazi mtu akose mtu wa kumkatia vipande kumi? Mpe vipimo, mwambie avipige msasa vizuri, na vyote viwe rangi moja, hilo lisisahaulike, manake unataka mtoto aone ukubwa tu bila ya rangi kumvuta. Mtoto mwenye shida kubwa anza na vitatu: kikubwa kabisa, cha kati, na kidogo. Kile cha sentimita 1 kiangalie kwa anayetia vitu mdomoni.

Chupa za sauti: chupa sita ndogo zisizoonyesha ndani, mbili za mchele, mbili za mchanga, mbili za komwe, atikise atafute pacha. Chupa za harufu: iliki, karafuu, mdalasini, asumini. Vitambaa: hariri, pamba, gunia, afumbe macho aguse. Hivi vyote ni vya mchana mmoja kutengeneza.

Ila mtoto anayeziba masikio punda wakilia chini ya dirisha, ama anayelia ukimgusisha mchanga, usimlazimishie kifaa cha kile kile kinachomuumiza. Weka kwenye trei, kiwe pale, aje mwenyewe siku yake. Mmoja namjua alikaa wiki nyingi akiuzunguka mchanga bila kuugusa, alafu siku moja akaweka kidole kimoja.

Somo la maneno lina hatua tatu, na hili Montessori alilitoa kwa Séguin. Chukua vitu viwili tofauti kabisa, tuseme kipande kikubwa na kidogo. Hatua ya kwanza unataja tu, "kikubwa", "kidogo", ukimgusisha. Ya pili unauliza, nipe kikubwa, weka kidogo kichwani, ficha kikubwa chini ya mkeka, hapa ukae sana, ufanye mchezo, siku nyingi. Ya tatu ndio unauliza, hiki ni nini? Sasa mtoto ambaye haongei usimpeleke ya tatu kwa mdomo kabisa. Wengi wanaulizwa hiki nini, wananyamaza, mtu anasema hajui. Anajua! Akikupa kikubwa kila unapomuomba, anajua, na unaendelea na somo lingine. Ya tatu anaweza kujibu kwa kuonyesha picha ama kwa ishara ya mkono. Na ukimuuliza, subiri. Hesabu moja mpaka kumi kimoyomoyo kabla ya kurudia swali, kwa mtoto mwenye Down sindromu hasa hizo sekunde ndio jibu linatoka.

Herufi ni za msasa. Kata herufi kwenye msasa laini, ule fundi anaoutumia mwisho mwisho, gundisha kwenye kadibodi, apapase kwa vidole viwili kufuata njia ya kuandika huku wewe unataja sauti, "mmm", usiseme "ma" wala jina la kizungu la herufi. Kiswahili kimetupa bahati, a e i o u kila moja ina sauti moja tu haibadiliki, anza na hizo tano na herufi za jina lake.

Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo mambo ya kwanza ni kikao. Mtoto anayepigana asianguke hawezi kutumia mikono. Nyonga zirudi nyuma, nyayo zikanyage kitu, mgongo ushikwe, kama ana kiti cha kona alichopimiwa na terapisti mweke hapo na trei ije kwenye usawa wa viwiko. Chini ya trei tandika kitambaa kibichi ama kipande cha mpira isiteleze. Vijiko vizungushie tyubu kuukuu ya baiskeli mpaka mpini unenepe mkono uweze kushika. Kama mkono mmoja ndio unafanya kazi, tengeneza kazi zinazohitaji mkono mmoja kufanya na ule mwingine kushikilia bakuli tu, nao upate sehemu yake. Na muda umpe mara mbili ama tatu ya unavyofikiria.

Mwenye Down sindromu kapimwe masikio na macho kabla hujasema mzito, watoto hawa mara nyingi wana shida za kusikia ambazo hazionekani, na moyo pia uangaliwe. Vidole vyake ni laini kwa hivo vibanio vya nguo, kuminya sponji, kukanda unga wa mahamri, hivo vyote ni masomo. Mwanangu kwa kukanda unga peke yake vidole vilipata nguvu kuliko kitu kingine chochote nilichojaribu.

Kuna mahali mimi sifuati Montessori moja kwa moja. Yeye anataka mtoto achague kazi mwenyewe, na ni sawa, ila mtoto wangu mwanzoni ukimwambia chagua anakaa katikati ya chumba. Kwa hivo nilikuwa namshikia trei mbili, hii ama hii. Mbili zikawa tatu, na mwaka wa pili akawa anakwenda mwenyewe. Na yule wa usonji anayezungusha kifuniko nusu saa, vitabu vinasema usikatize mtoto aliyezama kwenye kazi, lakini kuzama na kukwama si kitu kimoja. Aliyezama uso wake umetulia na kazi inasonga mbele. Aliyekwama kazi haisongi. Huyo kaa karibu, zungusha na wewe kidogo, alafu onyesha kile kifuniko kinavyofunga chupa yake.

Muda: shuleni wanakaa masaa matatu bila kukatizwa. Nyumbani anza na dakika kumi, asubuhi baada ya chai kabla joto halijapanda, kila siku isipokuwa Ijumaa ukitaka. Kuwa na daftari, andika mstari mmoja tu kwa siku, kachagua nini, kakaa kiasi gani, wapi kashindwa. Trei aloigusa kila siku wiki nzima bila shida iongeze ugumu, ambayo hajaigusa wiki mbili itoe.

Watu wa nyumbani sasa. Bibi anampenda mjukuu na hawezi kumuona akihangaika na ndara dakika tano, atainuka amvishe, na atakwambia maskini mwache mtoto. Usishindane naye. Mimi nilimwendea mamake mume wangu nikamwambia, "Mama, nakuomba, wewe ndiye mwenye subira nyumba hii, mimi nina haraka, nikalie naye akivaa ndara, usimsaidie mpaka akuombe." Akanijibu, "Haya mwanangu, lakini akilia nitamsaidia." Nikakubali. Ikawa yeye ndiye mwalimu wa ndara, na akija mgeni anamuita mjukuu wake, "njoo umuonyeshe khalati yako unavyovaa ndara." Na ndugu zake waachie wafanye kazi karibu yake, kwenye Montessori watoto wa miaka mitatu mpaka sita huwa darasa moja na wadogo hujifunza kwa kuwatazama wakubwa, kwetu hilo tunalo tayari.

Ukifika wakati wa shule, mpeleke akafanyiwe tathmini kwenye kituo cha tathmini cha wizara ya elimu, EARC, uliza ofisi ya elimu ya kaunti watakuelekeza, na umsajili kwenye baraza la taifa la watu wenye ulemavu apate kadi yake. Nenda na lile daftari. Mimi niliulizwa mtoto anaweza nini nikafungua ukurasa, na mazungumzo yakabadilika hapo hapo. Na ukipata shule iliyoandikwa Montessori usiamini bango, hilo jina halina mwenyewe na yeyote anaweza kuliandika ukutani. Omba ukae darasani saa moja. Tazama kama watoto wana vitu mikononi ama wanaimbishwa wote pamoja, kama vifaa viko chini wanakofikia ama vimefungiwa kabatini vya wageni, kama mwalimu anakaa chini na mtoto mmoja mmoja, alafu uliza alisomea wapi na amewahi kumfundisha mtoto kama wako.

Mkisafiri ama ikipita Ramadhani na sikukuu na mkeka haukukunjuliwa mwezi mzima, usianze pale mlipoachia. Toa trei zote ngumu, rudisha ndimu sita na bakuli mbili, umwache afanye siku tatu nne hivi, mikono ikumbuke, alafu ndio uongeze.